Nyekundu ya Maji ya Mvua

Mwaka ule wa ukame, nadhani 2015 kuingia 2016, nilikuwa nafuma mazulia katika gereji moja huko Observatory, mtaa wa Johannesburg. Nasema nilikuwa nafuma, ila sijui kama ni haki kusema hivyo. Mfumaji alikuwa yule niliyemwita Mama, Mtibeti aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi milimani Nepali. Mimi nilikaa naye kwenye benchi na kufuata mkono wake. Kwetu Uvira nilikuwa msusi, na Johannesburg nikaendelea kusuka, mpaka siku Mama alipopita saluni yetu ya Bertrams, akavitazama vidole vyangu zaidi kuliko alivyonitazama mimi, akasema, “Dada, hivi vidole vinapotea kwenye vichwa vya watu.”

Zulia la kwao hufumwa hivi. Nyuzi za mtande zinasimama wima mbele yako. Unazungusha uzi wa sufu kwenye mtande na kwenye ufito wa chuma uliolazwa mbele yake, kitanzi baada ya kitanzi. Mstari ukijaa, unapitisha kisu juu ya ufito, vitanzi vinakatika na kusimama kama manyoya. Halafu unapiga mstari kwa chanuo zito, ushuke ukae juu ya wenzake. Mkiwa wawili lazima mpige kwa nguvu moja, la sivyo zulia linainama upande.

Zulia ninalokumbuka lilikuwa la mama yake mzazi. Kikongwe alikuwa anaumwa kule kambini, na kitu alichoomba ni zulia la kulalia lililofumwa na binti yake, lenye ukingo mwekundu wa ile mizizi aliyomfundisha kuchemsha. Mama hakuweza kwenda. Karatasi zake za ukimbizi, kama zangu, zilikuwa bado za kusubiri. Zulia lingeweza kwenda, maana kulikuwa na mtu wa kwao aliyekubali kulibeba.

Sufu yote ya ukingo Mama aliitia rangi siku moja, katika sufuria moja, kwa maji ya mvua. Ndivyo alivyofundishwa: ukingo unazunguka zulia na kurudi ulikoanzia, na ukirudi na rangi nyingine ni kama mlango usiofungika. Sufu aliipima kwa macho na ingetosha. Siwezi kusema alikosea kipimo. Ila kila simu ya kutoka nyumbani ilipoleta habari mbaya, chanuo lake lilishuka kwa nguvu zaidi. Mistari ikabanana, zulia likala sufu. Nami, ili lisiiname, nikapiga kama yeye. Labda nilimzidi, nina mikono ya kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Tulipofika juu, ukingo wa mwisho haukuwa na uzi.

Mizizi ilikuwa imebaki kidogo. Mama akachemsha sufu kwa shabu ili rangi ishike, akatia mizizi, akatumia maji ya bomba la ile nyumba, kwa sababu mvua haikuwapo. Mabomba yalikuwa ya zamani, ndani kutu tupu. Sufu ikatoka na rangi ya maini yaliyolala. Nikaleta maji kutoka kwangu Bertrams, kwa teksi, yale mabasi madogo ya kule, ndoo mapajani, abiria wakinitazama. Ikatoka kama ganda la karoti. Mama akaishika karibu na ukingo.

“Hii ni jirani,” akasema. “Si ndugu.”

Mizizi ikabaki ya kutosha sufuria moja tu. Akaifunga kwenye kitambaa akaitundika ukutani. Tukawa watu wa kutazama juu.

Ng’ambo ya barabara kulikuwa na mlinzi, Mtanzania, aliyependa kutuchokoza.

“Dada wa Kongo! Leo tena mmetega mabeseni?”

“Tumetega, kaka.”

“Mvua gani mnayoingoja? Hapa hata mbingu zina load shedding.”

Nilicheka, maana umeme wa Johannesburg ulikuwa ukikatwa kwa zamu. Mama akauliza amesema nini, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, naye akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akamwuliza yule mlinzi, kwa ishara, zamu yetu itakuja lini. Mlinzi akainua mabega. “Eish, Mama.” Hakuwa mtu mbaya. Jioni alipotoka kazini alikuwa akitazama mabeseni yetu kwanza.

Mawingu yalikuja mara nyingi. Yalisimama upande wa Yeoville, yakanguruma, yakaenda kunyeshea wengine. Nilisali. Sijui kama ilifaa kusalia rangi ya uzi wakati watu walikuwa wanasalia mahindi.

Simu ikaja asubuhi, tumekaa kwenye benchi. Mama alisikiliza, akajibu neno moja la kwao, akaiweka simu kwenye kikapu cha nyuzi. “Amekwenda,” akaniambia. Nilitafuta neno la pole kwa Kiingereza, nikapata lile dogo la mtu aliyekukanyaga mguu. Nikamshika mkono tu.

Mvua ikanyesha wiki hiyohiyo. Ilianza kwa mawe, ikapiga bati la gereji hatukusikiana. Nilisimama na ndoo mkononi, sijui niitoe au niirudishe. Mama akaonyesha mlango.

“Itege.”

Akashusha mizizi ukutani. Tukachemsha. Mungu anisamehe, nilitamani itoke rangi nyingine, yoyote, angalau tuseme hata mvua isingesaidia. Mama alitoa uzi, akausuuza, akausogeza kwenye ukingo wa chini.

Ilikuwa ileile.

Alisubiri uzi ukauke, akakaa upande wake wa benchi, nami nikakaa wangu. Sikuuliza zulia ni la nani sasa. Tulifunga vitanzi mpaka mwisho wa mstari, kisu kikapita, nikainua chanuo nikapiga kama tulivyokuwa tumezoea.

“Polepole, dada,” akasema. “Hakuna haraka tena.”

Nilijaribu. Mkono wake ulikuwa umekuwa mwepesi kabisa, kama mtu anayepapasa mtoto aliyelala. Wangu ulikataa kusahau. Mstari baada ya mstari upande wangu ukawa unashuka chini ya wake, na zulia, lililosimama sawa siku zote zile, likaanza kuinama.