Sahani za Klachi Kwenye Beseni la Mama

Meza ya kulia ya dada yangu ilitengenezwa na mumewe kwa mkono, na sikuwahi kuona sufuria ikiwekwa juu yake bila kitambaa chini. Nilipokwenda kukaa nao likizo ile nilikuta giaboksi ya gari imekaa juu ya meza hiyo, nyeusi, inanuka mafuta yaliyoungua. Shemeji alikuwa anaizunguka na futi kamba mkononi.

"Shemeji, unaipima uishonee nguo?"

"Napima nijue ilivyo kabla sijaigusa." Wala hakucheka.

Shemeji ni seremala. Mtaani wanamwita Pimatena, kwa sababu ubao akishaupima huupima tena, na tena, huku mwenye kitanda chake amesimama mlangoni anahema kwa hasira. Kabati zake hazipindi, hilo nakubali. Lakini toka kabati hadi giaboksi ya otomatiki ni mwendo, na sifichi: niliona mtu mzima anakwenda kujiaibisha mchana kweupe.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Dada ni mwalimu wa hesabu. Ugonjwa ulimnyang'anya miguu akiwa bado msichana, na Pimatena akamwoa na kiti chake cha magurudumu, mama yake Pimatena akiwa amenuna kuanzia posa hadi picha za harusi. Akamtafutia gari kuukuu la otomatiki, maana la kukanyaga klachi lisingemfaa, akamfungia vyuma viwili chini ya usukani: kimoja cha kuongeza mwendo, kimoja cha breki, vyote vya mkono. Tangu hapo dada alikwenda shuleni mwenyewe na kurudi mwenyewe. Watu wakimuuliza nani anamleta, alijibu, "Najileta." Neno hilo alikuwa analitamka polepole, kama mtu asiyetaka utamu umwishie mdomoni.

Kisha giaboksi ikafa. Injini inanguruma, gari limesimama. Fundi wa barabarani akapukuta mikono na kusema, "Mama, otomatiki haifunguliwi. Inatupwa, inawekwa nyingine." Wakaweka nyingine, mtumba, nayo ikafa vilevile kabla muhula haujaisha. Dada akawa anapelekwa na madereva wa kukodi. Mmoja alimbeba kama gunia, akateleza, wakaanguka wote wawili getini mbele ya wanafunzi. Dada hakulia pale. Alilia nyumbani, mlango umefungwa, na ilikuwa hasira zaidi kuliko maumivu.

Mkuu wa shule akamwita. Kwa upole kabisa, maana wapo watu wanaokuchinja kwa upole, akamwambia kwamba shule zikifunguliwa na usafiri wake bado ni wa kubahatisha, darasa la mtihani atapewa mwalimu mwingine. Darasa hilo dada alilipokea likiwa halijui kujumlisha sehemu, akalilea hadi mwaka wa mwisho.

"Kilichofungwa na mkono wa mtu," shemeji akasema, "kinafunguliwa na mkono wa mtu."

"Na mkono wa mtu ukishindwa?" nikauliza.

"Acha uchuro," dada akanikata. "Lete shuka la zamani."

Nikalitandika sebuleni. Kila kipande kilichotoka kilipangwa juu yake kwa mfuatano, toka dirishani kwenda mlangoni. Dada alikaa na simu akisoma maelekezo kwa sauti ya darasani, na mumewe akafuata. Shemeji alimwita Mwalimu, naye dada akamwita Fundi, hata walipokuwa wanagombana.

"Fundi, nimesema pete ndogo kwanza."

"Mwalimu, ndogo ipi? Zote ndogo!"

"Basi pima, si ndiyo kazi yako?"

Nilicheka, lakini usiniulize kama nilikuwa na raha. Springi, gololi, pete, vijifuniko. Vitu vilijaa shuka lote hadi tukawa tunapita kando ya ukuta. Kuna mchana shemeji aliketi katikati ya vyuma hivyo, mikono imeninginia, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nadhani nimekuharibia." Dada akasukuma kiti chake karibu, akachukua mkono ule wenye mafuta na kuuweka pajani kwake, juu ya gauni safi.

Yote hayo mama mkwe wa dada aliyatazama akiwa mlango wa jikoni. Mimi nilishampa jina moyoni, Mama Sabuni, maana yule bibi angeweza kuiosha hata sabuni yenyewe. Aliishi chumba cha nyuma, na tangu gari lile liingie nyumbani hakuwahi kulipanda. "Gari la kuendeshwa kwa mikono mitupu silipandi," alisema. "Nina safari zangu bado." Kila akijaribu kusogea karibu na shuka, mmoja wao aliruka. "Mama, usiguse!" "Mama, tafadhali, hapo usipite!" Akawa anarudi jikoni na kitambaa chake begani.

Kilichokuwa kimeungua ndani kilionekana wazi. Ni sahani za klachi, si sahani za chakula, bali pete bapa za chuma, na baadhi zimegandishwa utando wa kahawia mfano wa karatasi nzito. Utando ndio unaoshika ili gari liende. Zikaletwa mpya. Maelekezo yakasema zilowekwe kwanza kwenye mafuta ya giaboksi hadi zinywe zishibe. Shemeji akatafuta chombo kipana, akachukua beseni la mama la kuoshea vyombo.

"Hata beseni langu?" mama akauliza.

"La leo tu, mama."

Tukatoka sote watatu kwenda kutafuta sili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, kwa gari la jirani. Tuliporudi sahani zilikuwa ndani ya mafuta mekundu, beseni liko uani palepale tulipoliacha. Zikafungwa. Ikapimwa, ikapimwa tena. Vijana wa karakana ya shemeji wakaja kuipandisha chini ya gari, na dada akawasha, akasukuma gia, akavuta chuma chake. Gari likaondoka. Shemeji alikaa chini palepale barabarani akalia bila aibu, na mimi niliyetabiri aibu nikalia pamoja naye.

Shule zikafunguliwa. Dada akajileta.

Lakini furaha ya maskini haidumu, nao wasiosema hivyo hawajawahi kuwa na gari kuukuu. Baada ya siku chache, kwenye mlima wa kabla ya shule, injini ilianza kupiga kelele na gari likapoteza nguvu, kisha likaanza kurudi nyuma. Dada akashika breki. Honi zikampigia nyuma yake, mtu akateremka kuja kumtukana, akaona miguu yake, akaanza kumwonea huruma. Aliniambia baadaye kwamba matusi yalikuwa nafuu. Darasa lilimsubiri hadi kipindi kikaisha.

Giaboksi ikarudi mezani. Shemeji akaifungua tena. Sahani mpya zilikuwa zimebanduka, utando wote umevimba na kutoka vipande vipande, umeziba vijia vya mafuta. Dada akatafuta kwenye simu, akasoma, akasoma tena.

"Fundi, wanasema ni maji. Maji yakigusa utando, gundi inaachia."

"Maji yametoka wapi? Kila kitu nilikikausha mimi."

"Niliziosha," mama akasema.

Tukageuka wote. Alikuwa amesimama pale pale mlangoni, kitambaa begani.

"Mlipotoka niliziona zimelowa mafuta, nikasema hizi zitamkatisha njiani mtoto wa watu, zina uchafu. Nikaziosha kwa sabuni, nikazianika juani, zikakauka vizuri. Nikazirudisha kwenye mafuta yenu, msije mkasema nimevuruga."

Dada akaweka simu chini. Namjua dada yangu, akikasirika hapigi kelele, anapungua sauti. "Mama," akasema, "toka siku nilipoingia hapa hukunitaka. Sasa darasa langu linaondoka. Umeridhika?"

"Mke wangu," shemeji akaanza.

"Wewe nyamaza."

Mama hakujitetea kwa Mungu wala kwa machozi. Alitazama shuka lile lililotandikwa upya. "Wewe ulisoma," akasema. "Huyu alifungua. Huyu mdogo wako alikuwa anashika taa. Mimi nilipewa kazi gani humu ndani? Ya kuambiwa nisipite. Mimi najua kuosha tu, mwanangu. Nikaosha."

Aliingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Nilikuwa na maneno makali tayari ulimini, nikayameza. Chakula hakikupikwa siku hiyo, na hakuna aliyeuliza.

Kesho yake dada alijisukuma hadi mlango wa chumba cha nyuma. Hakuomba msamaha, na wala hakuombwa. Alisema tu, "Mama, sahani nyingine zinakuja. Nataka mtu wa kukaa na beseni. Lisiguswe na tone la maji."

Yule bibi alitoka na kigoda. Alikaa uani kando ya beseni lake kutwa nzima, amelifunika kwa mfuniko wa sufuria, na nilipopita nimetoka kunawa alininyooshea mwiko. "Wewe, kausha mikono kwanza!" Shemeji alizifunga sahani hizo mama akiwa amesimama begani kwake, na safari hii hakuna aliyeruka.

Asubuhi ya kulijaribu gari, mama alikuja amevaa viatu vya kutokea. Akafungua mlango wa mbele, akaketi kando ya dada, mkoba mapajani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Shuleni. Likikwama, tukwame wote."

Mimi na shemeji tukaingia nyuma. Tukafika kwenye ule mlima. Dada akavuta chuma, injini ikapandisha sauti, ikasita, kisha tukasikia gia ikiingia na gari likapanda. "Limeshika?" mama akauliza, macho ameyafumba. "Limeshika, mama."

Mkuu wa shule alitupokea getini na upole wake uleule. Alikuwa amechelewa kumpigia simu, akasema. Darasa la mtihani limeshapewa mwalimu mwingine, wazazi hawakuweza kusubiri. Dada atachukua wanaoanza. Dada akamshukuru, akapandisha kioo, na akaweka paji la uso kwenye usukani. Sasa alilia mbele yetu sote, wanafunzi wakipita huku na huku. Shemeji nyuma akanyoosha mkono, hakujua auweke wapi.

Mama alitoa kitambaa mkobani. Kwa mazoea kikaenda moja kwa moja kwenye vumbi la dashibodi, kikasimama hewani. Akamgeukia mkwewe.

"Hapa je? Hapa naruhusiwa kufuta?"

Dada akainua uso uliolowa. "Futa, mama," akasema. "Anzia hapa kwangu."