Mama wa Kwenye Picha Hana Majirani

Hapa Tarime ukitaka kumpata Mokami, usimuulizie kwa jina. Ulizia yule mama anayegombana na picha. Asubuhi anauza maandazi nyuma ya stendi, na Jumamosi mchana, soko likishapoa, anashika kipaza sauti kwenye kibanda cha video cha Saadi na kuwatafsiria watu picha za kigeni. Kiingereza alikiokota kule mpakani Sirari akiuza vitenge, na hakitoshi. Kinapoishia, anajazia mwenyewe. Majambazi anawapa majina ya watu wa mtaani, na wapenzi wakikumbatiana anawauliza ng'ombe wa mahari wako wapi. Watu hawafuati picha, wanafuata mdomo wake, na mdomo huo, jamani, hauna breki.

Ila kulikuwa na mlango mmoja uliomshinda. Arafa, fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta na rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa amefiwa na mtoto wake wa pekee, Ikram, wa miezi minane. Mokami alizoea kumwita yule mtoto mkwe wangu, akimposea mwanawe Waitara, ambaye hata suruali anavalishwa. Matanga yalipoanuliwa, watu wakakunja mikeka yao wakaondoka, na Arafa akafunga mlango. Mokami hakubisha. Wiki saba nzima alijiambia kesho, kesho. Ukweli ni kwamba aliogopa: yeye anajua kuchekesha tu, na pale pa kuchekesha hapakuwepo. Akawa anapita njia ya nyuma, mtu mzima na heshima zake, kama mwizi wa kuku.

Jumamosi hiyo Saadi akaweka picha ya kutisha. Mama wa Kizungu kafiwa na mtoto, anakaa peke yake kwenye nyumba kubwa, na kila jioni anasikia mtoto akilia ndani ya ukuta. Watu walitakiwa waogope. Wapi! Akina mama wa sokoni wakaanza kushangaa mambo mengine kabisa. Jikoni hakuna sufuria ya msiba, sebuleni hakuna hata mkeka mmoja, na huyo mama anajipikia mwenyewe. Eunice, yule muuza ndizi, uvumilivu ukamshinda, akasimama.

"Mama Waitara, hivi huyu mama hana majirani?"

Mokami akamjibu kwenye kipaza sauti kwa ukali wake wa siku zote. Anao sana, si hao hapo dirishani, ila ni majirani wa ajabu, mwenzao kafiwa na wao wanapita tu njia ya... Hapo akanyamaza. Picha ikaendelea kulia peke yake. Kibanda kizima kikamgeukia, maana Mokami kunyamaza kulitisha kuliko ule mzimu.

Akaweka kipaza sauti chini, akasema anakwenda kwa Arafa. Saadi akalalamika kwamba watu wamelipa kiingilio na picha haijafika hata nusu. Akina mama wakamwambia atulie, wakabeba vikapu vyao, wakamfuata mtafsiri wao. Walikuwa kumi na wawili, na nyuma kabisa Saadi akinung'unika.

Arafa alifungua mlango amekonda, kitenge kimefungwa ovyo. Mokami akapanua mdomo aseme. Yalitoka machozi.

"Mama Ikram," akasema mwishowe, "sina neno. Nilikuogopa."

"Nilikuwa nakusikia ukipita nyuma," Arafa akamwambia. "Ingia ukae."

Wakaingia wote. Eunice akamenya ndizi, Saadi akatumwa sukari, na akaenda. Arafa akalia, akalitaja jina la mwanawe, na wao wakalitaja, na Mokami alimshika mkono asiuachie. Chai ilipoiva Arafa akauliza wametoka wapi kundi zima namna hiyo. Wakamsimulia ile picha wote kwa pamoja, wakibishana, huku Saadi akilazimishwa kuigiza mzimu, na Arafa akacheka mpaka akajifuta uso.

"Sasa yule mama ikawaje?" akauliza.

"Hata sijui," Mokami akasema. "Tulimwacha peke yake mle ndani, tukaja kwako."

Arafa akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Basi Jumamosi twendeni wote," akasema. "Mtu hafiwi akaachwa hivyo."