Anisia na Mashine Iliyotuiga Upole

Mi nampenda Anisia, niseme mapema, ili nikimsema vibaya huko mbele msije mkadhani tumegombana. Tunakaa meza moja hapa Gitega, Burundi, kwenye ofisi ya mashine inayojibu wakulima kwa simu. Akili mnemba, ndilo jina lake la heshima. Mkulima anauliza, mashine inajibu, na sisi tunasoma majibu: jibu zuri tunalipitisha, baya tunalirudisha.

Anisia alikulia Tanzania. Akiwa msichana alifanya kazi Kigoma kwa mama mmoja Mhindu, Mama Hansa, muuza vitambaa. Huyo mama alimfundisha mambo ya wazee wao wa kale: neno, kabla halijatoka mdomoni, liwe la kweli, limfae anayeambiwa, tena lisimchome. Yote matatu kwa pamoja. Ukisema kweli kwa kuumiza, umekosea. Ukisema uongo kwa sababu ni mtamu, umekosea zaidi. Anisia ni Mkatoliki wa rozari kabisa, lakini hayo kayashika, na ametuchosha nayo! Hata chai ikiwa mbovu anapima kwanza maneno. Mi nasema tu, "Haya ni maji ya kuoshea miguu," tunaendelea na kazi.

Basi mwezi wa tatu kaka yake Longino, mkulima wa Gasorwe kule Muyinga, akampigia simu analalamika. Migomba yake ilikuwa inanyauka, majani ya njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati. Aliuliza mashine. Ikamjibu: "Migomba imechoka kidogo tu, vumilia, itakaa sawa." Akavumilia wiki tatu. Ugonjwa ukashika nusu ya shamba waliloachiwa na baba yao, na ndilo linalomlisha yeye na watoto sita.

Nani aliifundisha mashine kusema hivyo? Sisi! Tuliilisha maongezi yetu ya simu, na huku kwetu nani anatoa habari mbaya kwenye simu? Mtu keshakufa, keshaoshwa, we unaambiwa, "Iko chini kidogo na homa, kuja umuone." Unabeba sabuni na matunda ya mgonjwa, unakuta msiba. Mashine ikaona huo ndio uungwana.

Anisia akafungua kumbukumbu aone nani alipitisha lile jibu. Jina lake. Hakujua anayeuliza ni kaka yake, maana majina ya wakulima hatuyaoni. Aliona jibu lina upole, akalipitisha. Alilia pale mezani, na mi nikalia naye, ingawa nilikuwa nimemkasirikia.

Shefu wetu Crispin, mkubwa wa ofisi, akasema, "Mwambie kaka yako mashine imekosea, voilà, basi. Mashine haina ndugu."

"Ina mimi," Anisia akasema.

Jumamosi tukaenda Gasorwe. Kwetu ni Muyinga mjini, kwa hiyo nikamwambia namsindikiza tu; kusema kweli niliogopa kaka atamfukuza. Longino akatukaribisha vizuri, akatoa viti, akaanza kuuliza habari za Gitega. Anisia hakukaa.

"Kaka, migomba iliyougua haiponi. Ikatwe yote leo, ndipo tuokoe ile ya bondeni ambayo bado mizima. Na lile jibu, mimi ndiye niliyelisoma na kulipitisha. Nilipenda utamu wake, sikuuliza kama ni kweli. Nisamehe, kaka."

Longino akageukia shamba lake. Mi nikasema moyoni, yarabi, leo udugu umekwisha.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu nauguza maiti."

"Ndiyo, kaka."

Akaingia ndani, akatoka na mapanga mawili. Akawasha moto wa kuunguzia makali, maana panga hubeba ugonjwa kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Panga moja akampa dada yake.

"Mimi siwezi kuanza," akasema. "Wa kwanza ukate wewe."

Anisia akakata huku machozi yanamtoka. Longino akasimama karibu yake, akaushika ule mgomba kwa mikono miwili, akaulaza chini taratibu.