Maji ya Bahari kwenye Duka la Tunduma

Hapana, baba mdogo, kubadili maji hakukuwaua. Kilichowaua ni kubadili maji yote kwa mara moja, tena maji ya baridi. Nilimwambia hivyo mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa heshima kidogo, na mara ya tatu mama mdogo akanikanyaga mguu. Tulikuwa tunakula.

"Unamsikia?" baba mdogo akamwambia mkewe. "Wakati sibadilishi maji, samaki wote wazima. Siku nimebadilisha, wanne wamekufa. Sasa huyu na sekondari yake anataka nibadilishe tena! Anataka na wa mwisho afe?"

Alikuwa muuzaji kwenye duka la Mhindi, pale njia inapoelekea Rodeshia ya Kaskazini. Tajiri wake alikuwa ameleta kutoka pwani samaki watano wa baharini, wadogo, rangi ya chungwa na milia myeupe, akawaweka kwenye sanduku la kioo juu ya kaunta ili watu wa ng'ambo waje washangae, na wakishashangaa wanunue blanketi. Walikuja kweli. Wanaume wazima waligonga kioo kwa kucha, samaki wakishtuka, wao wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mama mmoja alitazama sana, halafu akauliza kwa adabu ya kwao, "Mukwai, sasa hawa mtawapika lini?" Huyo peke yake ndiye niliyemwona ana akili.

Tajiri alikuwa ameeleza vizuri: kila baada ya wiki mbili toa sehemu moja kwa tano ya maji, tia mengine ya bahari, ambayo lori lilimletea kwenye madebe pamoja na bidhaa. Kazi ya kitoto kabisa. Lakini baba mdogo alikuwa na elimu yake mwenyewe. Nyama ikitiwa chumvi haiozi. Basi maji ya chumvi nayo hayaozi, ya nini kuyabadili? Aliwafundisha wateja hivyo, mkono kiunoni, nao wakaitikia kwa vichwa kama wako kanisani. Nilipomuuliza mavi ya samaki yanakwenda wapi, alinijibu kwamba samaki wa bahari hanyi ovyo kama wa mtoni.

Basi maji yakageuka manjano, kioo kikashika utelezi, na harufu ikafika kwenye mablanketi. Mteja mmoja alinusa blanketi, akalirudisha kwenye rafu, akatoka. Tajiri akapiga kelele.

Kesho yake ndipo baba mdogo alipoona maji yabadilishwe. Ilikuwa Juni, na mnajua Tunduma ya Juni ilivyo. Debe lilikuwa limelala barazani nyuma ya duka usiku kucha. Nilipompelekea uji nilimkuta ameshamwaga maji yote ya zamani na anamimina yale ya debe, shati limekunjwa mpaka begani, utasema anajenga daraja. Nikachovya kidole. Baridi ilinifika mpaka kwenye meno. Jioni samaki wanne walikuwa wamelala ubavu, na yeye akamwambia tajiri kwamba wamekufa kwa kukumbuka kwao.

Tajiri hakucheka. Alisema huyu wa tano akifa, muuzaji wake arudi kwao Ndalambo akalime ulezi. Hapo ndipo na mimi nilipoingia. Baba yangu alikuwa ameshafariki, chuo cha ualimu kilikuwa kimeniita kwa muhula ujao, na nauli ilikuwa itoke kwenye mshahara wa duka lile. Samaki akifa, mimi ni wa jembe.

Na alikuwa anakufa. Wiki zilikuwa zimepita na maji hayajaguswa tena. Mchana wa siku ile tuliyobishana nilimwona juu kabisa, anafunua mdomo kama mtu aliyepanda mlima, na makombo ya andazi alilotupiwa na baba mdogo yanaoza chini yake.

"Ni kidogo tu," nikasema pale kwenye chakula. "Yapashwe joto kwanza, halafu toa kidogo, tia kidogo."

"Samaki apashiwe maji ya kuoga?" baba mdogo akasema. "Kwani ni bwana harusi?"

Mama mdogo akacheka. Yeye ambaye mchana ule ule alikuwa amelia kwa kuogopa kurudi Ndalambo! Akacheka mpaka akaweka tonge chini. Nikawatazama wote wawili, nikaona sina sababu ya kubishana na watu ambao wataangamia kwa raha zao na kunibeba na mimi.

"Hayo maji siyagusi," baba mdogo akamalizia, "na wewe usiyaguse."

"Ndiyo, baba mdogo," nikasema.

Ufunguo wa mlango wa nyuma wa duka ulikuwa kwenye koti lake, msumarini. Nikaamua kwamba alfajiri, kabla hajakohoa, nitauchukua. Nitachota jagi moja kwenye debe, niliweke kando ya jiko la mkaa mpaka maji yasiume kidole. Nitatoa machafu kiasi hicho hicho pamoja na yale makombo, nitie masafi taratibu, basi. Tajiri akinikuta, nitamwambia baba mdogo ndiye aliyenituma. Asifiwe yeye, mradi kazi yake ibaki mpaka mimi nipande lori.