Dakika za Mwenye Mzigo

Somo la kwanza lilinifundisha kukunja kitambaa cha mezani kisimame na pembe tatu. Kitambaa cha mezani sikuwa nacho, nikakunja kipande cha kanga juu ya meza ya taipu, na karani mwenzangu akacheka mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo ofisi nzima pale Kibaha ikaniita Bi Mtalii. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kazi yangu ilikuwa kupiga taipu barua za watu wengine, na nilichoka kuyaona magari ya wageni yakipita Barabara ya Morogoro bila hata mmoja kuteremka kununua ndizi.

Chuo chenyewe, cha utalii, kilikuwa Uingereza. Masomo yalikuja kwa posta, bahasha moja kila baada ya wiki kadhaa, nami niliyasoma saa ya chakula cha mchana, kamusi pembeni. Mwalimu wangu sikupata kumjua ila kwa wino wake mwekundu. Nilijifunza saa za treni za nchi nisiyoijua na vyakula vya asubuhi vya hoteli nisizotarajia kulala. Mengi ya yale yaliniudhi, lakini niliyafanya yote, kwa sababu aliyemaliza alipewa cheti, na mwenye cheti angeweza kuomba kazi ya kutembeza wageni.

Somo la nne lilikuwa tofauti. Chagua sehemu unayoijua vizuri, lilisema, uchore ramani ya mgeni anayetembea kwa miguu. Onyesha nyumba, maji, mahali pa kupumzika, na dakika za kutoka mahali hadi mahali.

Sehemu niliyoijua vizuri ilikuwa moja tu, bonde la mjomba wangu kule Kisarawe. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Jumamosi nikaenda mjini, nikapanda basi la Kisarawe kupitia Pugu, nikateremka na kushika njia ya miguu, mkononi nimevaa saa ya kuazima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwipwa wangu. Hiyo saa ya nani?"

Nilipomweleza alifurahi kuliko mimi. Alinitembeza siku nzima. Nyumba za kule zilikuwa zimetawanyika, hii nyuma ya mianzi, ile ng'ambo ya kijito, kila mtu na minazi yake, mikorosho yake na makaburi ya watu wake. Kila tulipofika alinitambulisha, "Mwanangu huyu anasomea safari," nami nikaandika dakika. Kutoka kwake mpaka barabarani zilikuwa arobaini.

"Arobaini za nani?" akauliza.

"Za mtu anayetembea."

"Asiye na mzigo?"

"Mtalii hana mzigo, mjomba."

"Mtu gani anatoka kwake mikono mitupu? Andika na za mwenye mzigo."

Kubishana naye ilikuwa kazi bure. Jumapili akajitwika kikapu cha nazi, tukaenda tena mpaka barabarani, mimi nyuma na saa yangu. Tulitumia saa moja na nusu. Nikaandika zote mbili. Kisima cha chini ya mianzi alikichora mwenyewe, duara na vistari vitatu vya maji, akiwa ametoa ncha ya ulimi kwa umakini.

Siku zile watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, wapangwe kwa mistari kando ya barabara, karibu na shule na zahanati. Redio ilisema kila siku. Nikamwuliza kama hana wasiwasi.

"Watawahamisha wa barabarani," akasema. "Huku gari halifiki, na wenyewe hawajui nyumba zetu ziko wapi. Watatusahau." Akalionyesha kaburi la mama yangu kwa kidevu. "Mimi na huyu hatuendi popote."

Ninayaandika maneno yale kama alivyoyasema, nisije nikadai sikuyasikia.

Ramani niliinakili kwa wino mara mbili. Moja niliipeleka posta, ya pili nikaibandika ukutani juu ya mashine yangu. Majivuno tu. Hazikupita wiki tatu, afisa mmoja kutoka Kisarawe akaja kumwona mkubwa wangu kwa shughuli nyingine, akasimama mbele ya ukuta wangu muda mrefu.

"Nani kachora?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Hata wataalamu wetu hawana kitu kama hiki. Niazime, dada."

Ofisini mule hakuna aliyewahi kunitaja pamoja na wataalamu. Niliibandua kwa mikono yangu, nikaikunja vizuri, nikaitia kwenye bahasha. Maneno ya mjomba niliyakumbuka yule bwana alipokwisha kutoka mlangoni. Gari lake lilikuwa halijawaka. Ningeweza kumkimbilia, nikaona haya. Nikakaa, nikaendelea kupiga taipu.

Mwezi uliofuata niliteremka basi lile lile na sikuwa na haja ya kushika njia ya miguu. Bonde zima lilikuwa pale barabarani, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Mjomba alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kati ya nguzo nne zisizo na paa. Pembeni yake ulisimama mlango wa nyumba yake, aliokuja nao kichwani.

"Walikuja na karatasi," jirani yake mmoja aliniambia. "Walijua hata nyumba ya nyuma ya mianzi. Sijui nani katuuza."

Nilishika makuti nikaanza kusuka, na jioni nikarudi Kibaha bila kuitaja ramani.

Kisha somo langu likarudi. Nilikuwa nimepata alama nyingi kuliko zote za nyuma, na mwalimu alikuwa ameandika kwamba kwa ramani hii mgeni hawezi kukosa nyumba hata moja. Niliisoma sentensi ile, nikaitia karatasi kwenye mkoba. Bahasha ya somo la tano ilikuja pamoja nayo, na sijaifungua mpaka leo.

Jumamosi nikaenda Kisarawe nimeazimia kusema.

"Mjomba, ile ramani..."

"Niliiona," akasema. "Yule bwana aliyekuja kutuhamisha alikuwa nayo mkononi. Kisima changu nikakijua."

Nililia. Hakunifokea, na laiti angenifokea. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akauliza mwalimu wangu amesemaje. Nikamwambia nimefaulu. Akanyoosha mkono apewe karatasi. Kusoma hakujua, lakini aliuona wino mwekundu.

"Hapa mbona pamekatwa?"

"Ni zile dakika za mwenye mzigo. Anasema mgeni hazihitaji."

Kidole chake kikafuata njia kutoka kwake mpaka barabarani.

"Yule bwana naye hakuzisoma. Alitupatia dakika arobaini tuwe tumefika kwenye lori lao, pale barabarani." Akanirudishia karatasi, akiwa ameikunja vizuri. "Nilipofika na mlango wangu nilimwuliza dereva nimetumia muda gani. Saa moja na nusu. Ulipima sawasawa, mwipwa wangu."