Godoro Langu Huko Meru

Shuleni kwetu hapa Kanja, mimi ndiye ninayewashauri wazazi wa kidato cha nne. Kila mkutano huwaambia wasilipie hosteli kabla barua ya chuo haijafika.

Mwaka huu binti yangu Wawira naye alikuwa akingoja barua. Alikuwa ameomba chuo cha Meru, nami nikasikia vyumba vya huko vinaisha. Nikaenda kimya kimya, nikalipia kimoja, nikaingiza godoro na kufunga kufuli. Godoro nililiandika jina langu kwa rangi nyekundu, kama tunavyofanya bwenini.

Barua ikaja: Wawira ameitwa chuo cha Embu, atakuwa akitokea nyumbani. Pesa hazirudishwi. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Jumamosi iliyopita, mke wangu akiwa safu ya mbele, niliwahimiza tena wazazi wasiwe na haraka. Mama Muthoni akainua mkono.

“Mwalimu, msichana wangu ameitwa Meru, na barua tuko nayo. Vyumba vyote vina watu, isipokuwa kimoja chenye godoro tu. Tulichungulia dirishani tukasoma jina lako. Sasa tunaomba ufunguo.”