Kabla Hujaitwa Mama Nani

Shangazi yangu ni karani wa takwimu hospitalini. Chumba chake kiko nyuma ya stoo ya mashuka, kina feni yenye kelele na kompyuta ambayo wenzake humtania kuwa ndiyo mume wake. Wakati wa likizo mimi huenda kumsaidia, kwa kuwa humo hakuna anayenilazimisha kuongea.

Mwaka huu mganga mkuu aliamua kufunga chumba cha kuwapima akina mama waliokwisha kujifungua. Kompyuta ya wodi ya wazazi ilionyesha kwamba wakishatoka, karibu hakuna anayerudi mgonjwa. Mkunga wa chumba hicho aliambiwa arudishe funguo Ijumaa. Alikuja kwa shangazi macho mekundu.

"Dada, wanarudi na presha. Nawaona kwa macho yangu kule dharura!"

"Basi na kompyuta ya dharura inawajua. Tuwatafute."

Zilikuwa kompyuta mbili zisizosalimiana. Shangazi aliweka orodha zote mbili pamoja. Majina hayakulingana hata kidogo. Alikuna kichwa, kisha akacheka peke yake. Wodini mwanamke huandikwa jina lake mwenyewe. Akishajifungua, mtaa mzima humwita kwa jina la mtoto, na akikimbizwa dharura hajitambui, jirani aliyemleta hutaja hilo hilo.

Mimi ningeunganisha popote namba za simu zilipofanana. Shangazi alikataa katakata: simu moja hutumiwa na mke, wifi na mama mkwe. Akawapigia simu akina mama wa orodha ya dharura mmoja mmoja, kwa upole ambao natamani ningekuwa nao.

"Mama, kabla hujaitwa mama nani, uliitwaje?"

"Shikamoo. Kwani unanitafutia mchumba? Mwenzio nimeshaolewa!"

"Marahaba. Mchumba baadaye, kwanza presha."

Alhamisi mganga mkuu alisoma orodha moja iliyounganishwa, akavua miwani.

"Kumbe hawa wagonjwa wapya wa presha ni wazazi wetu wenyewe?"

"Ndio hao hao, daktari."

"Chumba kibaki. Na dharura waulize kila mama jina lake la kuzaliwa."

Mkunga alipita mlangoni akichezesha funguo kama njuga. "Zimekataa kurudi!"

Shangazi alicheka, lakini sikio lilikuwa kwenye simu. Kulikuwa na mama mmoja ambaye bado alikuwa hajapokea.